Mita nayo inakunywa

Daftari la baba, fundi redio, lina jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni, na ndani yake karibu kila kipimo kimeandikwa mara mbili. "HT: 220 / 220." Chini yake, "skrini 76 / 78." Hizo ni volti za sehemu mbili za ndani ya redio. Mahali pachache, baada ya namba mbili, ipo ya tatu imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Nilipokuwa msichana nilidhani anapima, anasahau, anapima tena. Baadaye, nilipoanza kufundisha fizikia, nilidhani anarudia kipimo ili apate wastani, kama tunavyowaambia wanafunzi wafanye maabara. Yote mawili hayakuwa kweli, na nimekuja kujua mwaka huu tu, kwa sababu ya mita.

Mita yenyewe ni AVO, Modeli 8. Nani kati yenu aliyekulia jirani na fundi redio hajawahi kuiona? Ni boksi jeusi, zito kama tofali, lina mkanda wa ngozi wa kubebea na swichi mbili kubwa za mviringo zinazotazamana: moja ya umeme wa betri, nyingine ya umeme wa kupishana. Juu yake dirisha la kioo lenye umbo la upepeo wa mkono, ndani mna mshale mwembamba na ukanda wa kioo cha kujitazamia chini ya skeli, ili usome mshale ukiwa umelala juu ya kivuli chake na jicho lisikudanganye.

AVO ni herufi za ampea, volti na omu. Ilianza kuuzwa London mwaka 1923, na aliyeibuni, Donald Macadie, alikuwa mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoshwa na kubeba mita mbalimbali kila anapokwenda kutengeneza laini za simu. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa na jina refu, Automatic Coil Winder and Electrical Equipment Company. Modeli 8 ilitoka mwaka 1951 na iliendelea kutengenezwa hadi 2008. Miaka hamsini na saba! Sijui kifaa kingine cha mezani mwa fundi kilichoishi kiwandani muda huo wote kikiwa na sura ileile.

Baba naye alikuwa mtu wa Posta. Alisomea Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, kwenye shule kuu ya mafunzo ya Posta na Simu ya Afrika Mashariki, pale ambapo leo kuna Chuo Kikuu cha Multimedia cha Kenya. Walikuwa wanachanganyika huko vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi mwisho alikuwa akihesabu ampea kwa lafudhi ya Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirudi Tanga, akaendelea na simu mchana na redio jioni, sebuleni kwetu Ngamiani. AVO aliinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu. Alipofariki, mama aliifunga kwenye kitenge, akaiweka juu ya kabati, na huko ikakaa.

Mwaka huu, kwenye usafi wa kabla ya Ramadhani, mama akaniambia, "Mwanangu, hili jiwe la baba yako lichukue, siku moja litaniangukia kichwani." Nikalichukua.

Hewa ya Tanga haina huruma na vyuma. Kifuko cha ngozi kilikuwa kimeota ukungu mweupe, skrubu zimeshika kutu, na nilipofungua chumba cha betri nyuma nilikuta betri kubwa ya volti 1.5 imepasuka na kuacha unga wa kijani na mweupe kwenye shaba zote. Hilo la betri ndilo ugonjwa wa kwanza wa mita za zamani popote duniani. Ukirithi kifaa chochote cha namna hii, kabla hujageuza swichi hata moja, fungua nyuma utoe betri.

Unga ule niliutoa kwa siki kidogo kwenye pamba iliyozungushiwa njiti, kisha maji kidogo, kisha spiriti, kisha nikaiacha feni iipulize usiku kucha. Shaba moja ilikuwa imelika kabisa. Nikakata nyingine kutoka kwenye kopo na kuilehemu mahali pake. Betri ya pili ndiyo iliyonisumbua. AVO 8 hutumia betri ndogo ya volti 15 kwa ajili ya kupima ukinzani mkubwa, na betri hiyo haipatikani Tanga, wala Kariakoo sikuipata. Dawa yake ni betri bapa za kidonge za CR2032, zile za kwenye kompyuta. Kila moja ina volti 3, tano ukizipanga mfululizo ni 15. Nilizibana ndani ya kipande cha bomba la plastiki, mbele na nyuma nikaweka vipande vya shaba. Kwa kazi ninayoifanya mimi nadhani zitanifaa miaka mingi.

Swichi zilikuwa ngumu, zinakwaruza. Hapa nina neno kwa wenzangu: acheni kumwagia mafuta ya cherehani ndani ya swichi za kipimio. Mafuta hukusanya vumbi, vumbi likishika unyevu linapitisha umeme pale pasipotakiwa, na mita inaanza kusema uongo mdogo mdogo ambao hutaujua. Tumia dawa ya kusafishia vigusanishi inayokauka yenyewe, nyunyiza kidogo, zungusha swichi mara thelathini, basi.

Halafu mshale. Ulikuwa unapanda vizuri hadi katikati ya skeli, unanata, ukiligonga boksi kwa kidole unaruka na kuendelea. Ndani ya AVO kuna koili ndogo inayozunguka kati ya meno ya sumaku, na nafasi iliyobaki kati ya koili na sumaku ni nyembamba sana. Punje moja ya kutu ikiingia, sumaku inaishikilia na koili inagota hapo. Nilitumia kipande cha utepe wa gundi nilichokikunja, upande unaonata nje, nikakipitisha taratibu kwenye nafasi ile chini ya taa, nimeshika pumzi. Mara ya nne kikatoka na vichembe viwili vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Mshale ukaenda na kurudi bila kigugumizi. Nilikaa nikiutazama unapanda na kushuka kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Sasa swali: mita inayopima wengine, nani ataipima?

Maabara za kuhakiki vipimo zipo Dar es Salaam, lakini mita ya nyumbani haihitaji cheti, inahitaji shahidi. Mashahidi wangu walikuwa watatu. Wa kwanza ni kibodi kidogo chenye chipu ya AD584, kinachotoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10 kwa uhakika mkubwa. Kinauzwa bei rahisi mtandaoni. Wa pili ni mita yangu ya namba, ya kisasa. Wa tatu ni betri kumi za volti 9 zilizochomekwa moja kwenye nyingine, chanya kwenye hasi, kama watoto wanaoshikana mikono. Mpya, zinatoa kama volti 95. Tahadhari, volti 95 za betri si mchezo; nilizifunga kwa utepe na kuacha ncha mbili tu wazi, na mkono wa kushoto niliuweka mgongoni.

Kwenye renji za chini (renji ni volti za juu kabisa ambazo swichi inaruhusu kupima) AVO ilikuwa sawasawa. Volti 10 za chipu ilizisoma 10. Kwenye renji ya 100, betri zangu zikasoma 95, sawa na mita ya namba. Nikahamia renji ya 250: mshale ukaonyesha 86. Nikahamia ya 1000: karibu 93, ingawa huko mistari imebanana na huwezi kula kiapo.

Kwangu hiki ndicho kipande kitamu cha kazi nzima, kwa hiyo nivumilieni. Ndani ya mita hii rezista za volti, vile vipande vya kukinza umeme, zimepangwa mfululizo kama vituo kwenye njia moja ya daladala. Ukichagua renji ya 10 umeme unashuka kituo cha karibu. Ukichagua 100 unapita kituo hicho na kuendelea. 250 unaendelea zaidi. Kanuni ya AVO 8 ni omu 20,000 kwa kila volti ya renji. Kwa hiyo hadi kituo cha 100 njia nzima ina megaomu 2, yaani omu milioni 2. Hadi kituo cha 250 ina megaomu 5. Maana yake kati ya vituo hivyo viwili ipo rezista ya megaomu 3. Kama kila kitu kabla yake kinasoma vizuri, na baada yake kinasoma chini, mgonjwa ni yeye. Na kwa nini renji ya 1000 imekosea kidogo tu? Kwa sababu huko njia nzima ina megaomu 20, na kosa lilelile likichanganywa na njia ndefu linapungua uzito.

Nilipiga hesabu kabla ya kushika bisibisi. Usomaji wa 86 badala ya 95 unataka njia iwe na megaomu 5.5, siyo 5. Kwa hiyo rezista ya megaomu 3 itakuwa imepanda hadi 3.5. Nikafungua, nikaiinua mguu mmoja kwa chuma cha kulehemu, nikaipima. Megaomu 3.5. Rezista za kaboni za thamani kubwa hupanda zikizeeka, kama mvi. Niliweka mbili za megaomu 1.5 mfululizo, za asilimia 1. Renji ya 250 ikasoma 95.

Nilikimbia kumwonyesha mama. Akauliza, "Imepona?" Nikamwambia imepona. Akasema, "Haya, sasa usiiweke kwenye meza ya kulia chakula."

Jenereta ya ishara, kifaa cha pili nilichokifufua, nitaieleza kwa ufupi, maana haikunipa furaha ileile. Ni boksi la kijivu la Kiingereza, la valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista), kutoka stoo ya baba huyohuyo. Kazi yake ni kutengeneza wimbi la redio la masafa unayoyataka, ili uilishe redio mbovu stesheni bandia na kuitega, yaani kuirekebisha ishike stesheni sawasawa. Kwa sababu ilikaa miaka mingi bila umeme sikuichomeka moja kwa moja. Niliifunga mfululizo na balbu ya nyuzi ya wati 60: kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kifaa kinanusurika; kikiwa kizima, balbu inawaka kidogo kisha inafifia. Ilififia. Nikafurahi, nikagusa boksi, likanirusha mkono.

Vifaa vingi vya zamani vina kapasita mbili (vipande vinavyopitisha umeme wa kupishana na kuzuia ule wa betri) kutoka kwenye waya za umeme hadi kwenye bodi ya chuma, za kuzuia kelele zisitoke nje. Zikizeeka zinavuja, na kama waya wa ardhi haujaunganishwa, wewe ndiye ardhi. Hizo hazijaribiwi wala hazisamehewi, zinang'olewa, na badala yake unaweka zile maalumu za usalama zenye alama ya Y. Kisha waya wa ardhi wa kweli, pini tatu. Nikabadilisha pia kapasita zote za karatasi na nta. Koili sikuzigusa, na nakusihi usiziguse. Aliyezipanga kiwandani alikuwa na vipimo usivyonavyo.

Piga yake, ile ya kuchagulia masafa, ilikuwa imehama kidogo. Kwa mita ya masafa ya bei rahisi niliona kwamba ukiiweka kwenye kilohezi 450 inatoa kama 446. Sikuirekebisha ndani. Nilichora jedwali kwenye kadi ngumu, masafa ya piga upande huu na ya kweli upande ule, nikaibandika ubavuni. Baba alikuwa na njia yake ya miaka hiyo isiyo na mita ya masafa: alifungua redio nzima kwenye stesheni anayoijua masafa yake, akasogeza jenereta taratibu hadi filimbi ikasikika juu ya sauti ya mtangazaji, filimbi ikashuka, ikawa mngurumo, ikanyamaza. Pale inaponyamaza, mawimbi mawili yamelingana. Nakumbuka filimbi hiyo. Tulikuwa tunaiita nyoka wa baba.

Basi vifaa vikawa tayari, ikabaki kupata mgonjwa.

Mzee mmoja mwenye mgahawa barabara ya kumi na mbili ana Philips ya valvu, ya mbao, iliyokaa kwenye rafu juu ya birika tangu wakati wa baba yake. Watu wanajua kwamba mimi ni "mtoto wa fundi," kwa hiyo nilipomwambia nataka redio ya kujaribia hakushangaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Mwalimu. Ichukue, lakini usinibadilishie mbao." Kilio chake: inawaka, inakoroma dakika kumi, halafu sauti inapasuka na mbao za nyuma zinanuka joto.

Ukisikia hivyo kwenye redio ya valvu yenye EL84 mwishoni, yaani valvu inayosukuma spika, kuna kapasita moja unayoishuku kabla hujafungua. Ni ile inayopeleka sauti kutoka anodi (mguu wa kutolea) ya valvu iliyo kabla yake hadi gridi (mguu wa kuingilia) ya EL84. Upande mmoja ina volti themanini na kitu, upande wa pili inatakiwa isiwe na volti yoyote. Ikivuja hata kidogo, gridi inapata volti chanya, valvu inafunguka kuliko inavyotakiwa, inapitisha mkondo mwingi, inachemka, na transfoma ya spika inachemka nayo.

Nikaweka AVO kwenye gridi, renji ya 10. Mshale ukasimama kwenye 1.2. Sawa, kuna uvujaji, lakini volti moja na ushee haielezi joto lile. Nikahisi labda mkono wangu umetetemeka. Nikahamia renji ya 25, nipate uhakika. Ikasoma 2.1.

Nilirudi kwenye 10: 1.2. Kwenye 25: 2.1. Nikasema basi, mita bado mbovu, kuna rezista nyingine imepanda. Nikachukua mita ya namba nikaweka palepale: 4.0. Vipimo vitatu, majibu matatu, waya uleule, dakika ileile. Niliizima redio, nikanyong'onyea kabisa. Wiki tatu za kazi.

Nikalifungua daftari la baba, siyo kutafuta jibu, bali kwa sababu lilikuwa pale mezani. Nikatafuta EL84. Ipo, kwenye ukurasa wenye doa la chai: "Gridi 1 / 1.8," kisha duara jekundu, ndani yake 3.9. Pembeni ameandika "badili kap." Na juu kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko wake wa kuinama, maneno niliyoyaona mara nyingi bila kuyasoma: "Mita nayo inakunywa."

Nilikaa chini.

Hilo neno alikuwa analisema. Alikuwa analisema kwa mfano wa upawa. Ukichota upawa wa mchuzi kwenye sufuria la harusi uonje chumvi, hakuna atakayejua kwamba umepunguza. Ukichota upawa huohuo kwenye kikombe cha chai, umemnywea mwenyewe, na kilichobaki si kile ulichokuja kukionja. Mimi, mwalimu wa fizikia, ninayewafundisha watoto kila mwaka kwamba voltimita inatakiwa iwe na ukinzani mkubwa, sikuwahi kuuunganisha mfano ule wa jikoni na namba mbili za daftari.

AVO kwenye renji ya 10 ina omu 20,000 mara 10, yaani kiloomu 200. Kwenye renji ya 25 ina kiloomu 500. Gridi ya EL84 imeshikiliwa na rezista ya zaidi ya nusu megaomu. Ni kikombe cha chai. Mita ya kiloomu 200 ikigusa pale inakunywa sehemu kubwa ya volti yenyewe. Ya kiloomu 500 inakunywa pungufu, kama nusu. Mita ya namba, ya megaomu 10, inaonja kwa ncha ya kijiko. Kwenye HT, volti kuu inayolisha redio nzima, ambako nguvu ipo, upawa wowote haudhuru, ndiyo maana ameandika "220 / 220." Kwenye skrini, mguu mwingine wa valvu, kuna rezista ya wastani njiani, kwa hiyo "76 / 78." Namba mbili za baba zilikuwa renji mbili. Alikuwa anaiuliza mita swali moja kwa midomo miwili, na tofauti ya majibu ikamwambia kikombe ni kikubwa kiasi gani.

Na duara jekundu? Hilo lilinichukua karatasi moja na kalamu. Ukijua mita inakunywa kiasi gani kwenye kila renji, na ukawa na vipimo viwili, una milinganyo miwili na visivyojulikana viwili: volti ya kweli na ukinzani wa mahali penyewe. Zidisha vipimo vyako viwili, zidisha tena kwa tofauti ya kiloomu za renji hizo, 300. Hicho weka juu. Chini weka kipimo cha kwanza mara 500, utoe kipimo cha pili mara 200. Nikaweka namba zake, 1 na 1.8. Juu 540, chini 140. Jibu 3.86. Ameandika 3.9.

Hakuwa na mita ya namba. Miaka hiyo ya baba simkumbuki fundi wa mtaani aliyekuwa nayo. Alikuwa na mshale unaokunywa, penseli, na elimu ya Mbagathi, na kwa hivyo alipata volti ambayo hakuna mita yoyote mezani pake iliyowahi kumwonyesha. Nikaweka namba zangu: 1.2 na 2.1. Juu 756, chini 180. Volti 4.2. Mita ya namba ilisema 4.0, kwa sababu nayo inakunywa, kidogo. Jibu la njia ya baba lilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kioo changu chenye namba za mwanga.

Hii ndiyo sababu nasema msizitupe mita za mshale, na msizirembeshe tu mkaziweka kwenye rafu pembeni ya televisheni. Karatasi nyingi za mafundi za redio za Kiingereza za wakati ule zinataja hata aina ya mita iliyotumika kupima volti zilizochapwa, na kabla ya Modeli 8 mara nyingi ilikuwa ya omu 500 tu kwa volti. Ukiipima redio hiyo kwa mita ya leo utaona volti zimezidi na utaanza kubadilisha vitu vizima. Nimeona mafundi vijana, wazuri, wenye mikono safi, wakifanya hivyo. Wanatafuta ugonjwa ndani ya redio, kumbe uko kwenye tofauti ya vijiko.

Niliikata kapasita ile. Nje ilikuwa nzima kabisa, inang'aa. Nikaweka mpya ya maikrofaradi 0.01, volti 630. Gridi ikasoma sifuri kwenye renji zote mbili, na redio ilikaa saa mbili bila kunuka.

Jioni ile, watoto walipolala, nikaitega. Philips nyingi za namna ile zina masafa ya kati ya ndani (yale ambayo redio hugeuzia kila stesheni kabla ya kuikuza) ya kilohezi 452, siyo 455 kama redio za Kijapani, na anayelazimisha 455 anaiharibu mwenyewe. Nikatazama kadi yangu ubavuni mwa jenereta, nikaweka piga pale inapotoa 452 ya kweli, nikawasha mlio wake wa hezi 400. AVO nikaifunga kwenye spika, upande wa umeme wa kupishana, renji ya 2.5, na hapo spika ni sufuria la harusi, inywe itakavyo. Mlio ulitoka hafifu, nyuma ya kelele. Nikageuza kiini cha koili ya kwanza kwa bisibisi ya plastiki, robo ya robo. Mshale ukainuka. Koili ya pili, ukainuka tena. Kila ulipoinuka nilipunguza nguvu ya jenereta, kama alivyokuwa akifanya yeye, ili redio isikilize kwa bidii. Mama alikuja mlangoni na khanga yake kichwani, akasimama anausikiliza ule mlio. "Nyoka wa baba yako," akasema, akarudi kulala.

Nikafungua daftari. Ukurasa wa mwisho alioandika yeye una tarehe ya Machi 1998. Chini yake nikapiga mstari, nikaandika tarehe ya leo, Philips, mgahawa wa barabara ya 12, gridi ya EL84, 1.2 / 2.1, nikatafuta kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, nikazungushia 4.2.